Kompyuta ya Wageni

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Jumapili ya pili ya Novemba, kompyuta mpakato mbili zilikuwa zimewekwa sambamba juu ya kaunta ya duka la Shuhrat, mjini Fergana, Uzbekistan. Ya kushoto iliuzwa som milioni nne na nusu. Ya kulia iliuzwa milioni kumi na saba.

Nilikuwa nimekuja na saa ya kupimia mbio, mizani ya jikoni, daftari, na kipande cha hariri chenye urefu wa kiganja. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari Margilan, na sinunui kitu kwa kusikia sifa zake. Ubavuni mwangu alisimama Oydin, binti wa mdogo wangu, mwenye umri wa miaka ishirini. Ananiita Ami.

Oydin huchora kwa kompyuta michoro ya hariri yetu ya Margilan, ile ambayo rangi zake huingiliana kingoni kama wino uliodondokewa na maji. Mfanyabiashara mmoja wa mapazia huko Tashkent alikuwa amempa jaribio la michoro minane, itumwe kabla ya saa sita mchana siku ya Jumamosi. Akifaulu, angepata kazi ya mwaka mzima akiwa nyumbani. Akishindwa, Jumatatu angeanza kupanga maboksi katika kiwanda cha juisi, ambako mama yake alikuwa ameshamwombea nafasi. Sharti la mfanyabiashara lilikuwa moja tu: rangi ziwe zenyewe. Msichana aliyejaribu kabla ya Oydin alikataliwa kwa sababu wekundu wake ulitoka kama tofali.

Kompyuta aliyokuwa nayo iliachwa na baba yake alipokwenda kufanya kazi Urusi. Ilikuwa na mistari ya kijani katikati ya kioo, na ukiisogeza ilizimika.

Niliziwasha zote mbili kwa pamoja. Ya bei nafuu ilichukua sekunde arobaini na moja. Ya ghali ilichukua tisa. Nilirudia mara tatu, kisha nikazipima uzito.

"Domla," Shuhrat akaniambia, kama wanavyotuita walimu, "unanunua laptop au unaozesha binti? Mimi nilipokwenda kuposa sikuchunguzwa hivi."

"Pengine walikosea," nilimjibu.

"Mke wangu husema hivyohivyo."

Kipimo cha mwisho kilikuwa hariri. Nilimwambia Oydin afungue mchoro wake wa komamanga kwenye vioo vyote viwili, halafu nikaweka kile kipande pembeni. Kwenye kompyuta ya bei nafuu wekundu ulionekana umechoka, na nilipoinamisha kioo kidogo ukawa rangi ya tofali. Kwenye ile ya ghali sikuweza kuona hariri ilipoishia na kioo kilipoanzia. Niliandika katika daftari: ya kulia.

"Ami," Oydin akasema kwa sauti ya chini, "nichukulie hii nafuu."

"Sababu?"

"Hii itatumika."

"Hata ile itatumika. Tena vizuri zaidi."

Alinitazama, akatazama dari, akasema, "Haya, Ami." Nilidhani ni adabu ya binti asiyetaka kuwagharimu wakubwa, na jambo hilo sikuliandika.

Mlipaji alikuwa mama yangu, Bibi Bahri, kwa akiba ya mavuno ya vifukofuko vya viwavi wa hariri. Nilimpigia simu nikaanza kumsomea vipimo. Alinikatiza kwenye cha pili.

"Ile ghali inang'aa?"

"Inang'aa, Mama."

"Basi lete hiyo. Sitaki watu waseme nyumba hii imeishiwa."

Tulikubaliana kwa muda usiofika dakika moja. Niliona kwamba sababu zake hazikuwa sababu zangu, lakini jibu lilikuwa lilelile, kwa hiyo nililipa, nikaibeba, nikawaachia nyumbani kwao saa sita kasoro kumi.

Jumatano, baada ya kipindi cha mwisho, nilipita pale kuona kazi ilipofikia. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Oydin alikuwa kwenye baraza, amejifunika shali. Mbele yake ilikuwa ile kompyuta ya zamani, imeegemezwa kwenye tofali ili isitikisike.

"Mpya iko wapi?"

Alinyoosha kidevu kuelekea chumba cha wageni.

Nilivua viatu nikaingia. Kwenye kabati la vioo, rafu ya kati, kati ya birika lenye nakshi za dhahabu na bakuli la kioo cha kuchonga, kompyuta ya milioni kumi na saba ilikuwa imefungwa na kutandikiwa kitambaa cheupe cha kufuma. Boksi lake lilisimamishwa nyuma yake, picha ikitazama nje. Kabati lilikuwa na kufuli dogo. Ufunguo, kama ninavyojua tangu utotoni, hukaa kwenye mfuko wa kizibao cha mama yangu.

Nilimkuta jikoni akichambua mchele.

"Mama, kompyuta iko kabatini."

"Iko. Hojar wa jirani alikuja kuiona. Katoa zawadi ya skafu nzima kwa kuiona tu, kama anatazama bibi harusi."

"Ilinunuliwa ifanye kazi."

"Inafanya. Mtu akiingia anaiona."

"Betri yake inazeeka hata isipotumika."

"Na mimi nazeeka, mbona hunitembezi?"

Nilibadili hoja. Nilimweleza kwamba dhamana ya duka ni mwaka mmoja, nao ulishaanza kuhesabiwa Jumapili. Aliweka sinia la mchele chini.

"Hoshim, ile seti ya chai niliinunua mwaka ulioingia chuo. Kahesabu vikombe."

Nilijua idadi yake, lakini nilikwenda nikahesabu. Sita.

"Kuna chenye pengo?"

"Hakuna."

"Kwako kuna vikombe vingapi visivyo na pengo?"

Kwangu hakuna hata kimoja. Ushahidi wake ulikuwa wa miaka thelathini na mmoja, wangu wa siku tatu. Nilitoka nje.

Oydin alikuwa anaiwasha upya ile ya zamani. Karibu na mkono wake palikuwa na karatasi yenye vistari vya penseli: tangu Jumatatu ilikuwa imezimika mara kumi na moja. Alikuwa amemaliza michoro miwili kati ya minane, na katika yote miwili mistari ya kijani ilikuwa imemlazimisha kukisia rangi.

"Ulipima uzito, Ami," alisema bila kuinua macho. "Ukapima sekunde, ukapima wekundu. Hukuuliza itakaa wapi."

"Wewe ulijua?"

"Nani asiyejua? Mashine ya kufulia ya mama ina miaka mitatu haijavuliwa nailoni. Anafua kwa mkono akiwa ameegemea mashine. Ndiyo maana nilitaka ile nafuu. Haipendezi, ingeachwa mezani."

"Ungenieleza."

"Nilikueleza. Nilisema itatumika. Ukanijibu kwa sekunde."

Alikuwa sahihi, na kwenye daftari langu kulikuwa na maswali kumi na manne, yote kuhusu mashine, hakuna hata moja kuhusu nyumba. Nilikaa kwenye ngazi nikauliza la kumi na tano.

"Lile kabati hufunguliwa lini?"

"Akija mgeni."

"Mimi nikiwa mgeni?"

Alicheka. "Wewe ni mwanawe. Wewe unapewa bakuli la jikoni, lile lenye ufa."

"Basi mgeni ni nani kwa hesabu yake?"

Oydin alifikiri kidogo. Kisha aliinua macho. "Muhayyo," alisema.

Muhayyo ni dada yake mkubwa. Aliolewa majira ya kuchipua, akaenda kukaa Quva. Tangu siku alipovuka kizingiti kile akiwa bibi harusi, akirudi huketishwa mwisho kabisa wa chumba, mbali na mlango, na haruhusiwi kuosha hata kijiko. Nilimpigia simu palepale.

"Unaweza kuja kesho, ukae mpaka Jumapili?"

"Kuna msiba, Ami?"

"Hapana. Kuna kabati."

Nilimweleza kwa sentensi nne. Akaomba dakika mbili aongee na mama mkwe wake, akarudi baada ya dakika tisa.

"Amekubali. Anasema nikirudi nimweleze hiyo laptop ikoje."

Alhamisi sina kipindi kabla ya saa saba. Saa nne asubuhi Muhayyo aliingia uani akiwa na mikate sita ndani ya kitambaa. Saa nne na dakika kumi na mbili kabati lilifunguliwa. Birika likatoka, vikombe sita vikatoka, bakuli likajazwa zabibu kavu na lozi. Bibi Bahri alimimina chai, nusu kikombe, kama inavyotakiwa kwa mgeni unayependa aendelee kukaa.

Muhayyo hakukigusa kikombe.

"Bibi, huko Quva nimesikia kuna laptop."

"Ile pale."

"Ninaona mgongo wake tu. Siku hizi mgeni anaonyeshwa mgongo?"

Bibi Bahri aliinuka, akaishusha kwa mikono miwili, akaifunua mezani. Muhayyo alisogeza uso karibu.

"Inafanya nini?"

"Inang'aa."

"Hata sahani inang'aa, Bibi. Mbona mmenunua sahani ya milioni kumi na saba? Oydin, njoo uchore hapa, niione inavyofanya kazi. Nikishaona ndiyo nitakunywa chai."

Chai ilikuwa inapoa, na mgeni hajanywa. Mama yangu alinitazama. Mimi nilitazama zabibu. Alitoka, akarudi na nailoni ya jikoni, ile ya kufunikia sahani, akazungushia kibodi mara mbili kama alivyozungushia rimoti ya televisheni.

"Haya," alimwambia Oydin. "Mgeni akiwa ndani ya chumba, inakaa mezani. Mgeni akitoka, inarudi."

Sheria hiyo haikuwa na mwanya, na aliyefungwa nayo zaidi alikuwa Muhayyo. Hakuweza kwenda jikoni kumwona mama yake wala barazani kunyoosha miguu. Alikaa pale mwisho wa chumba, mto nyuma yake, mto chini ya kiwiko, naye Bibi Bahri akamlisha. Kufikia saa kumi jioni alikuwa amekula sambusa za boga, supu ya tambi, jamu ya forosadi na uji wa ngano. Nilipopita baada ya shule alinipokea kwa macho tu.

"Hii ni mara ya tano kulishwa, Ami. Nimehesabu, maana najua utauliza."

"Vumilia."

"Navumilia. Sketi ndiyo haivumilii."

Oydin alikuwa amesahihisha rangi za ile miwili ya kwanza na ameuanza mchoro wa nne. Kwa ile ya zamani ingemchukua siku mbili kufika hapo. Saa mbili usiku Muhayyo alikwenda kulala na kompyuta ikarudi kabatini. Ijumaa saa mbili asubuhi alirudishwa mahali pake, na kompyuta ikatoka tena.

Ijumaa hiyo, saa tisa na nusu alasiri, Oydin alikuwa kwenye mchoro wa sita, ule wa kitana. Mama yangu aliingia na birika, akasimama nyuma yake. Hakumimina.

"Wekundu huu si wetu," alisema.

"Nimeupima kwa hariri, Mama," nilimwambia. "Dukani. Hakuna tofauti."

"Hariri ipi?"

Nilitoa kile kipande mfukoni. Alikishika kwa vidole viwili, akakigeuza, akanirudishia.

"Umenunua sokoni hiki."

"Ndiyo."

"Hii ni rangi ya paketi. Kiwandani wanaitia ndani ya ndoo, wanakoroga, wanakwenda kula. Umepima kwa kitu kilichokosewa."

Nilikirudisha kipande mfukoni. Kipimo kilikuwa sahihi, ila kilicholinganishwa hakikuwa sahihi. Mwanafunzi wangu akifanya hivyo namnyima alama zote.

Alikwenda kwenye sanduku lake la chuma, lile linalowekewa magodoro juu. Tuliyashusha magodoro tisa. Kutoka chini kabisa alitoa kitambaa alichokifuma mwenyewe kabla hajaolewa, uzi wake ukiwa umetiwa rangi na baba yake, Yoldosh, kwa mizizi iliyochemshwa na kupoozwa na kuchemshwa tena. Alikiweka kando ya kioo. Tofauti iliweza kuonwa na mtu yeyote mwenye macho. Wekundu wa Oydin ulikuwa wa juujuu. Ule wa kitambaa ulikuwa na weusi kidogo chini yake, kama komamanga lililoiva mpaka likapasuka.

"Punguza," alimwambia Oydin. "Bado. Kidogo tena. Hapana, umepita, rudi. Unakimbilia wapi?"

"Vidole vinateleza, Bibi. Nailoni hii."

Mama yangu aliishika nailoni kwenye pembe, akaivuta, akaivua yote, akaifinyanga ikawa donge akaitia mfukoni, pamoja na ufunguo.

"Haya sasa. Punguza."

Ilichukua dakika arobaini. Muhayyo, ambaye kwa nusu saa hakuna aliyempa chakula, alikaa kimya kabisa asije akakumbukwa. Hatimaye Bibi Bahri alisema, "Hapo. Usiguse." Kisha akauliza, "Na ile mingine?"

Ile mitano ya kwanza yote ilikuwa na wekundu wa sokoni. Ilibidi ibadilishwe, na miwili ya mwisho ilikuwa haijaanzwa. Saa zilizobaki mpaka tarehe ya mwisho zilikuwa ishirini, pamoja na za kulala.

Jumamosi niliomba mwenzangu anishikie kipindi. Saa mbili asubuhi mama yangu alikuwa ameshakaa ubavuni mwa Oydin, miwani puani, kitambaa magotini. Hakumwuliza mtu kama mgeni ameamka. Muhayyo aliingia saa tatu, akajiketia mwenyewe mahali pake, akasinzia akiwa ameegemea mto.

"Meno ya kitana ni saba," Bibi Bahri alisema wakati fulani. "Umeweka sita."

"Kwenye picha niliyopewa ni sita."

"Aliyekupa picha hana meno. Weka saba."

Oydin aliweka saba.

Michoro minane ilitumwa saa tano na dakika arobaini na saba.

"Imefika?" mama yangu aliuliza.

"Imefika, Bibi. Wameandika wamepokea."

Bibi Bahri alichukua kimoja kati ya vile vikombe sita, akamimina chai nusu, akampa Oydin kwa mkono wa kulia huku wa kushoto akiuweka kifuani, anavyowapa wageni. Oydin alikishika kwa mikono miwili. Aliniambia baadaye kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kukinywea.

Jibu la Tashkent liliingia saa tisa na dakika kumi. Michoro saba ilikuwa imekubaliwa. Wa nane ulihitaji kurekebishwa pindo. Kazi ya mwaka ingeanza Desemba mosi. Mwishoni kulikuwa na swali: wekundu huu umetoka kwa nani? Oydin alilisoma kwa sauti, na mama yangu akavua miwani.

"Andika. Wa Yoldosh mtia rangi, wa mtaa wa nyuma ya mto. Aliyekumbuka ni Bahri, binti yake. Aliyechora ni Oydin." Alifikiri. "Na mwandikie kwamba meno ni saba, asije akasahihisha."

Jumapili saa tatu asubuhi Muhayyo aliondoka kurudi Quva. Langoni aliniambia kwamba hatakula mpaka Jumatano, na kwamba nikiwa na kabati lingine nimtafute mtu mwingine. Nilirudi chumba cha wageni. Sikuwa na sababu ya kubaki isipokuwa kuona. Mgeni alikuwa ametoka, na sheria ilikuwa wazi.

Mama yangu aliliosha birika, akalifuta, akalirudisha kwenye rafu ya kati. Alirudisha vikombe, kimoja kimoja, sita. Alirudisha bakuli. Kisha alilichukua lile boksi tupu la kompyuta, akaliweka kati ya birika na bakuli, picha ikitazama nje, akatandika kile kitambaa cheupe juu yake. Alirudi nyuma hatua mbili akalitazama. Alisogea akalinyoosha kidogo. Saa tatu na dakika ishirini na sita alifunga kabati kwa ufunguo.

Kompyuta ilibaki mezani. Kando yake aliweka vipande vitatu vya hariri kutoka kwenye lile sanduku, akavipanga, akakivuta kimoja mbele.

"Anza na hiki," alimwambia Oydin.

Oydin aliiwasha. Ilichukua sekunde tisa.